Hoja ya Tabitha

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Ansel toa kidole puani, maana haya nitayasema mara moja tu, na mnajua baba yenu hajawahi kusema jambo mara moja tangu azaliwe. Corinne, mke wangu, niinulie mto. Hapo hapo.

Mimi Harlan Teague, fundi paa nisiye na mpinzani katika milima yote hii ya Missouri, niliyeikimbia shule ndevu hazijaota, nimewasomesha Kilatini na mantiki kwenye meza ya kulia, nikisoma usiku ili niwe sura moja mbele yenu. Majirani wakacheka: "Harlan, Kilatini kitaziba paa gani?" Nikawajibu: "La kichwa chako, linavuja."

Nyumba na gari ni vya mama yenu. Ngazi ni ya Ansel, asiipande mpaka anifikie bega. Baba yenu mdogo Wade, aliyenisema mbele ya kanisa zima kwamba nafuga kasuku badala ya kulea watoto, atakuja baada ya mazishi kuwaambia basi la shule linapita hapo chini. Msimtukane. Mpeni kahawa, mpeni pai, na basi lake msilipande. Mwalimu sasa ni mama yenu.

Sasa lililonifanya niwaite. Kila Ijumaa tunabishania jambo la nyumba hii, tunapiga kura nani atetee upande upi, na machozi ni marufuku. Tulibishania mbuzi, tukabishania kuhama. Ijumaa ile nikauweka mezani ugonjwa wangu: niendelee na dawa za hospitali au niache? Kura ikamwangukia Tabitha atetee kuacha, naye akatetea hadi nikapiga makofi, mjinga mimi, na Ansel alipolia nikampunguzia alama. Jumatatu nikaacha dawa. Tangu hapo, Tabitha, huli, hunitazami, na jana nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Nimemuua baba kwa mdomo wangu."

Nisikilize, binti yangu. Daktari alishaniambia kabla ya Ijumaa ile kwamba dawa zimeshindwa. Nilishaamua. Mama yako alikuwepo, mtazame, anaitikia. Nilishindwa kuwaambia, mimi mwenye domo hili lote, nikalifanya somo, kwa kuwa pale mezani ndipo ninapojua kusema. Maneno yako hayakunipunguzia hata siku moja.

Maji... kidogo tu. Basi.

Mnizike na suruali ya kazi, ile yenye madoa ya lami ya mapaa. Mkishanifukia, kesho yake asubuhi mkae mezani, sala, Kilatini, hesabu, hata kama hakuna kinachoingia. Mbishane kila Ijumaa, lakini mgonjwa... mgonjwa asiwekwe tena mezani. Huyo analiliwa tu.

Mungu akupe mabega, Ansel. Akupe usingizi, Corinne, na mtu wa kukuchekesha. Tabitha, akupe... akupe...

Njoo. Naona umeshafungua mdomo, una hoja. Hapana, mama. Usinijibu. Weka kichwa hapa, ulie.