Ekzosi Iliyomrudisha Baba Shukuru

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe na nyie mliobanana mlangoni kwa sababu ya mvua! Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe!

Mnanijua. Mimi ni Mama Shukuru, yule wa chapati, wa hapa hapa Gikondo, chini kidogo ya magereji. Nimezaliwa Ngara, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, ndiyo maana Kiswahili kikinishika hakiniachii. Leo sikusimama kuimba. Nimesimama kumshuhudia Mungu aliyemtoa mume wangu kwenye mdomo wa kaburi kwa njia ya ekzosi ya lori. Naona mnacheka. Chekeni tu. Mimi nilicheka kwanza, halafu nikalia, na mpaka leo nikiliwaza jambo hili mwili wote unanisisimka.

Baba Shukuru ni dereva. Lori ni letu wenyewe, kuukuu, la mazutu, yaani dizeli, linabeba mchanga na mawe kupeleka Kinyinya, ambako kila ukigeuka nyumba mpya imeota. Asubuhi napanda naye kabini na beseni langu la chapati, ananishusha kwa wajenzi, nauza, narudi zangu na basi. Yeye anabaki ndani ya lori kutwa nzima, vioo juu, kwa sababu vumbi la Kinyinya halina huruma. Na alikuwa mtu wa namna gani! Mtu wa utani. Mtu wa kuimba besi mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Mtu anayejua jina la kila mtoto wa mtaa.

Sasa, kichochoro chetu mnajua kilivyo na mwinuko. Kila lori likiwashwa asubuhi, moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye madirisha ya watu na nguo walizoanika. Kigali hii, ndugu zangu, nani anataka aitwe mchafuzi wa mtaa? Majirani hawakututukana. Walikohoa tu, kwa sauti ya kutosha. Basi mume wangu, kwa upendo kabisa, akamwita mchomeleaji akaikata ile ekzosi na kuipinda iangalie chini, katikati ya tumbo la lori, ili moshi umwagike ardhini usimsumbue mtu. Mtaa mzima ulitushukuru. Mzee mmoja alimpa mkono akamwambia, "Sasa gari yako iko na adabu." Tukafurahi mno.

Haukupita muda, mume wangu akaanza kuniponyoka. Kichwa kinauma. Macho mekundu. Anarudi nyumbani anakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, ninamsemesha, ananitazama kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Besi ikakauka kooni. Siku moja akamwita Shukuru, mtoto wetu wa pekee, kwa jina la shangazi yake, na wala hakugundua. Mtoto akanigeukia. Niliingia jikoni nikaendelea kukanda unga huku machozi yanadondokea humo humo.

Tulikwenda kupima. Malaria hakuna, presha nzuri. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa, kwamba madereva wenzake wanamwonea kijicho. Nikamleta hapa kanisani. Akaingia chumba cha maombi, akafunga, lori likakaa limeegeshwa. Akatoka mzima! Mnakumbuka? Alisimama mahali hapa hapa akashuhudia, mkapiga vigelegele. Akarudi kazini, na kabla juma halijaisha, macho yale yale. Tukafunga tena, akapona tena. Akashika usukani tena, akaugua tena. Ndugu zangu, ni pepo gani huyu anayejua siku ya kazi na siku ya kupumzika? Wengine wenu mlisema imani yetu ni haba. Sikuwalaumu, hata mimi nilianza kuipima.

Katikati ya hayo, lori likapelekwa ukaguzi likakataliwa kwa sababu ya moshi. Fundi akatushauri tubadilishe mfumo wote wa ekzosi, kuanzia kwenye injini mpaka mwisho. Nilipiga mkono mezani. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati! Nyumba inavuja, nyinyi mnataka kulinunulia lori pua mpya? Na ya nini, mume mwenyewe mgonjwa? Fundi akaliweka sawa juu juu, tukapewa muda wa kulirudisha, na mimi nikaona nimeshinda.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Kinyinya. Tunashuka mteremko na mzigo wa mchanga. Nikamwona mume wangu anainamisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu magotini mwake. Nikamwita. Kimya! Nikampiga begani kwa nguvu zangu zote, akashtuka, akakanyaga breki, lori likaserereka likajichomeka kwenye lundo la kokoto. Nyuma ya lundo lile walikuwa wamekaa wajenzi, wateja wangu, wanaisubiri chai. Waliinuka mmoja mmoja wakatutazama. Baba Shukuru aliangalia mikono yake kwenye usukani akaniuliza, "Mama Shukuru, hapa ni wapi?"

Ndugu zangu, siku ile nilijua nitabaki mjane.

Nikamwomba Pastori aje aliombee lori lenyewe, maana huko ndiko adui alikokuwa anamngojea. Akaja kesho yake asubuhi na mama mmoja wa maombi. Mvua ilikuwa inanyesha, tukabanana wanne kabini, tukapandisha vioo. Pastori akasema gari liwashwe, tumfukuze adui palepale anapofanyia kazi. Tukaomba! Tuliomba, lori linatetemeka, na sisi tunatetemeka. Mara Pastori akajishika paji la uso, machozi yanamtoka, akalia kwa sauti, "Yuko humu! Nawaambia yuko humu ndani, namsikia kichwani!" Mama wa maombi akaegemea mlango, anakohoa.

Nikafumbua macho. Sijui kwa nini. Mimi nikiomba huwa sifumbui.

Beseni langu lilikuwa miguuni, limefunikwa kitambaa cheupe nilichokifua jana yake. Upindo wa kitambaa, ule ulioning'inia karibu na sakafu, ulikuwa mweusi. Na ulikuwa unapumua! Unainuka, unashuka, unainuka, unashuka, kwa mdundo wa injini. Hapo hapo nikakumbuka jinsi wajenzi walivyokuwa wananitania: "Mama, chapati yako leo iko na ladha ya mazutu." Mimi nikiwajibu kwa ukali kwamba midomo yao ndiyo michafu. Nikalisogeza beseni, nikafunua zulia la mpira. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na kwenye tundu, kutoka ekzosi yetu yenye adabu, moshi ulikuwa unapanda kama mtu wa nyumbani asiyehitaji kubisha hodi.

"Zima gari, Baba Shukuru! Zima!"

Tukamwagika nje kwenye mvua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Pastori alikohoa, akanawa macho kwa maji ya mvua, akainama na suti yake akachungulia chini ya lori kwa muda mrefu. Aliponyanyuka akasema, "Mama Shukuru, tumeomba, na Mungu amejibu. Sasa ita fundi."

Fundi alitupa njia mbili: kuziba tundu kwa bei ndogo, au kufanya kazi kamili. Mume wangu alinitazama kwa yale macho mekundu. Nikaenda nyumbani nikaichukua pesa ya mabati. Ikawekwa gasketi mpya kwenye injini, bomba jipya, sailensa mpya, na ekzosi ikapandishwa nyuma ya kabini mpaka juu ya paa. Sakafu ikachomelewa upya. Fundi akasafisha pia nozeli zinazopulizia mazutu kwenye injini, akisema wazi kwamba bomba haliondoi weusi wa moshi, linauonyesha njia tu.

Sasa kila mwenye lori ananisimamisha: Mama Shukuru, ile ekzosi inastahili pesa? Sitasema uongo mbele ya madhabahu. Kama unatafuta ngurumo ili watu wageuke, nunua ngoma. Kama unadhani lori kuukuu litakuwa jipya, utalia. Letu linapanda mlima vizuri kidogo, mazutu yamepungua kidogo, na ukaguzi limepita. Lakini sikia hili. Asubuhi moja, baada ya mume wangu kupumzika na kurudi kazini, tunapanda kuelekea Kinyinya, nikasikia mngurumo wa chini chini. Nikasema, Mungu wangu, injini tena! Haikuwa injini. Ilikuwa besi. Alikuwa anaimba, ndugu zangu! Nikalikumbatia beseni langu.

Wapo wanaosema, kumbe hakukuwa na pepo, ulikuwa moshi tu. Pepo au moshi, kilichokuwa kinamuua mume wangu kimetoka! Ni nani aliyeleta mvua siku ile tukapandisha vioo? Ni nani aliyenifumbua macho? Mimi ni nani hata Mwenye mbingu aniandikie ujumbe kwenye kitambaa cha chapati? Namshangaa, na sitaacha kumshangaa. Wewe uliye na jambo linalopona na kurudi, usimwache Mungu. Mwamini, omba, halafu inuka ufunue zulia.

Mabati bado hatujanunua. Jumapili iliyopita tumetoka ibadani, mvua ikaanza, na pale nyumbani penye tundu la paa maji yakaanza kudondoka kama kawaida. Nilikuwa nimelala kidogo. Nikasikia mtu anasogeza beseni, na sauti nene ikasema, "Shukuru, mwanangu, vuta kitanda chako, usilowe."

Shukuru. Alimwita Shukuru. Nililala pale pale nikisikiliza maji yanavyodondoka, nikasema, nyesha tu, Baba wa mbinguni, nyesha.