Barabara Iliyomtosha Mzee Isidore Okito

Ndugu, jirani na wakubwa wa kazi, mliobanana hapa kaburini kama tulivyobanana njiani, jamaa inawasomea maisha ya baba yetu.

Mzee Isidore Okito alizaliwa Kibombo tarehe 3 mwezi wa tano 1906, akasoma kwa mapadri hadi 1922, na mwaka 1926 akaanza kazi ya ukarani katika ofisi ya barabara hapa Kindu, ambako alijifunza kuivumilia mihuri. Tarehe 14 mwezi wa sita 1930 alifunga ndoa na Mama Émilienne, wakajenga kando ya barabara ya soko, wakajaliwa watoto wanne, Claudine akiwa wa kwanza.

Mwaka 1952 alikuja injinia kupima kama barabara ile inatosha watu, baiskeli na malori, na kama haitoshi, nyumba za upande mzima, ya mzee ikiwemo, zingebomolewa. Alama nyekundu zilikwisha kupakwa ukutani. Mzee akatumwa kutangaza kwamba kesho yake watu watahesabiwa barabarani, akalisoma tangazo jinsi lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kama alilisoma kwa sauti ya mtoza kodi, hilo tunamwachia Mungu. Nani wa Kindu asiyejua kinachofuata watu wakihesabiwa? Injinia alikaa juani kutwa nzima, wakapita mbuzi, katekista mmoja, na Abedi muuza makaa, aliyelala ng'ambo ya Lualaba asisikie habari. Akapiga hesabu zake za kitaalamu, akaandika kwamba barabara itatosha hadi mwaka elfu mbili, na alama zikafutwa.

Mwezi wa nane 1958 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, lakini hofu yake kubwa ilikuwa barabara ile ile, maana yeye alijua ukweli wake: jeneza na watu watapita wapi? Mama Émilienne akamwambia, "Baba Claudine, lala tu, tutapita mustari moja." Akalala kweli, akafariki alfajiri ya tarehe 11 mwezi wa pili 1959, nyumbani mwake, bila maumivu.

Leo tumepita mmoja nyuma ya mwingine, baiskeli zikasukumwa kwa mkono, lori la mchele likarudi kinyumenyume hadi sokoni, na jeneza halikugusa ukuta.

Tunawashukuru madaktari na masista, jirani wa pande zote mbili za barabara, makarani wenzake, dereva wa lori, na Bwana injinia huko kwao Ubelgiji, ambaye hajui alichotutendea.

Baba Claudine, barabara imetosha. Pumzika kwa amani.