Muhuri wa Mama Kwenye Karatasi ya Kura

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu wa Haiwei, Bwana Hou Tien-shui, uliyenishinda na bado unakuja kunywa uji kibandani kwangu bila haya. Mwalimu Mkuu wa shule yetu. Wazee wa kamati ya hekalu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mwalimu Shih Yueh-o, unayestaafu leo ualimu pamoja na usimamizi wa kituo chetu cha kura: nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni Kang Chin-tu, muuza uji wa samaki mwatiko, mgombea hodari wa kushindwa. Wapishi wameniomba nifanye haraka, eti kamba watapoa. Basi na wapoe! Leo namsifu mtu.

Ndugu zangu, tunaona kila siku habari za dunia. Kuna nchi masanduku ya kura hubebwa yakahesabiwe mahali ambapo mpiga kura hatii mguu. Kuna wagombea wanaolia wameibiwa kabla uchaguzi haujafika, na kuna wengine wakishaingia ofisini hawataki tena kusikia neno uchaguzi. Je, sisi wa Haiwei ni watu bora kuliko hao? Hata kidogo! Nawauzia uji kila asubuhi, nawajua, wambeya wakubwa nyie. Kinachotutenganisha nao ni kazi ndogo ndogo zinazofanywa sawasawa na watu wasioangalia sura ya mtu. Na hapa kwetu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mnakumbuka mara ya kwanza nilipogombea na Bwana Hou? Saa kumi jioni milango ya kupigia kura ikafungwa, ya kuhesabia ikafunguliwa, tukajazana darasani kama kawaida yetu. Mwalimu akawa anatoa karatasi moja moja, anaiinua juu, anataja jina kwa sauti, na ukutani alama inachorwa. Hou. Kang. Kang. Hou. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama samaki kwenye ndoo.

Halafu akainua karatasi moja, asitaje jina.

Nilikuwa mstari wa mbele, nikaiona. Kwenye nafasi yangu hapakuwa na alama ya kile kifaa cha kituo cha kugongea kura. Palikuwa na muhuri wa jina, mwekundu, umemeguka pembeni. Muhuri wa mama yangu! Ule tunaokwenda nao kusaini tunapopewa karatasi ya kura, yeye akaingia nao mpaka ndani akaugonga. Na Mwalimu aliujua kuliko mtu yeyote. Huyu Mwalimu amekula mezani kwetu tangu akiwa binti mdogo, na muhuri huohuo ndio aliotumwa nao posta kumchukulia mama vifurushi. Mama mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu, anatabasamu, karatasi yenyewe haioni vizuri, anasubiri jina langu lisomwe.

Fikirini. Mngefanya nini ninyi? Kanuni imebandikwa ukutani: muhuri wako binafsi unaharibu kura. Lakini huyu ni mama aliyekulisha!

Mwalimu akasema, "Imeharibika." Akawaonyesha mawakala wa pande zote mbili, akaiweka kando, akaendelea. Nilishindwa kwa kura moja. Ile ingehesabiwa, tungelingana, na bahati nasibu ingeamua.

Lo! Jioni ile kibanda changu kilifurika. "Mwalimu kakuuza!" "Twende tukaizuie gari ya masanduku!" Nikawaambia nimeshindwa kihalali. Wakanijibu, "Umetishwa wewe! Sema ukweli!" Ukweli ninao, lakini niuseme vipi? Kura ya mtu ni siri yake, na ile ilikuwa ya mama yangu. Kufika asubuhi, kila simu mtaani ilikuwa imepokea picha ya Mwalimu na neno MWIZI limeandikwa juu ya uso wake. Watoto wake wa darasani waliiona. Niliumia, jamani.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa najiandaa kupanda gari la wazi, maana hapa kwetu hata aliyeshindwa huzunguka kuwashukuru wapiga kura. Nikasimulia nyumbani kwa nini watu wamekasirika. Mama akaniuliza, "Kura gani hiyo iliyoharibika?" Nikainama kufunga kamba za viatu. Akanitazama sana. Akachukua kigoda chake, akapanda garini. Tulipofika mbele ya hekalu akaninyang'anya kipaza sauti.

"Nyamazeni!" akasema. "Kura ile ni yangu. Nimegonga muhuri wangu mwenyewe, kwa sababu mwanangu nampenda na nilitaka ijulikane ni mimi. Yueh-o alikuja mpaka jikoni kwangu kabla ya kura kunieleza nisifanye hivyo. Sikumsikiliza, nilikuwa nakaanga samaki. Sasa nani anamwita binti yangu mwizi? Ajitokeze hapa nimwone!"

Nani angejitokeza? Aliyetuma ile picha yuko hapa leo, namwona anatazama bakuli lake. Tulikusamehe, bwana, kula tu.

Bwana Hou akaja pale pale akampa mama mkono. Fataki zikapigwa za mshindi na za mshindwa kwa pamoja, hakuna aliyejua zipi ni za nani. Haiwei haikugawanyika! Nimegombea tena baada ya hapo, nikapigwa vibaya zaidi, na usiku wake nililala fofofo. Bwana Hou, jiandae, narudi.

Mwalimu, siku ile ulimnyima mama unayempenda kitu alichokitaka kuliko vyote, mbele ya macho yake. Leo waandaaji walipompangia meza ya wazee wenzake, alikataa kata kata. Akasema anakaa na Yueh-o au harudi hapa tena. Mtazameni basi alipokaa, na mtazameni anavyomchambulia samaki miba. Niambieni ni mshindi gani duniani aliyewahi kupata zaidi ya hayo.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Karibuni tule.