Otilia Romani, Aliyeomba Mafundi Wafundishe

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu wenu tuwasimulie habari za mama yetu, Otilia Romani, aliyezaliwa Bonga tarehe 14 Machi 1959, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Arusha, na ufundi wa maji Dar es Salaam, kisha mwaka 1981 akaajiriwa hapa Babati, ambako tarehe 5 Mei 1984 alifunga ndoa na Bwana Gerson, wakajaliwa Jovin na Noela.

Mwaka 2003, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, ulikuja mradi wa maji wa wafadhili kutoka Ujerumani, ukiongozwa na mhandisi Wolfgang, na mama akawa msaidizi wake. Oktoba 2005, kiangazi kikiwa kimekaza, pampu ya maji ya hapa kwetu Nangara ilikufa, na wafadhili wakaahidi kuleta nyingine pamoja na mafundi wao wa kuifunga. Kwenye mkutano wa hadhara mama alisimama akasema, "Mhandisi, pampu tunaipokea, lakini mafundi wako wawafundishe vijana wetu waifunge wenyewe, maana ikiharibika mkiwa kwenu tutabaki kuitazama tu."

Watu walimzomea, kwa kuwa mafunzo yangechelewesha maji hadi Desemba, na majirani waliokuwa wakichota ziwani walipita mlangoni kwake bila salamu, naye akaumia, akalia mbele ya mumewe, ila hakurudi nyuma, na Wolfgang akamwunga mkono. Tarehe 12 Desemba vijana wa Nangara na Sigino, mabinti wakiwemo, waliifunga ile pampu kwa mikono yao, maji yakatoka, na jirani mmoja akamletea ndoo ya kwanza, akisema, "Mama Jovin, tusamehe, kiu ilitutia ukali."

Mradi ulifungwa mwaka 2008, wageni wakaondoka, maji yakabaki. Mwaka 2012 mama mwenyewe aliitwa Malawi kufundisha mafundi wa huko, nasi nyumbani tukamtania kwamba sasa naye ni mtaalamu kutoka nje. Alistaafu mwaka 2019, akaugua saratani mwaka 2022, na tarehe 9 Juni 2023 akafariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Noela.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nangara mlioacha shughuli zenu, wafanyakazi wenzake, na ninyi wanafunzi wake mliosafiri kwa basi kutoka Malawi, mkafika jana jioni na kuomba mpewe majembe mchimbe kaburi la mwalimu wenu.

Mama, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.