Protasio Chishala Kapambwe, Mtazamaji wa Filamu Zilizosahaulika (1949–2019)

Marehemu Protasio Chishala Kapambwe, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Bashi Mutale, yaani baba yake Mutale, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji kimoja cha Luwingu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alfonsi Kapambwe na Mama Katarina Musonda. Wawili waliomtangulia walifariki wangali wachanga, hivyo akalelewa kama kifungua mimba. Mdogo wake, Bonaventura, alizaliwa miaka saba baadaye, na ndiye anayewasomea maneno haya. Mjane wa marehemu, Bana Mutale, yaani mama yake Mutale, alipompa kazi ya kuyaandika alimwambia, "Shemeji, usimtie manukato. Watu wanamjua. Na usijifiche wewe mwenyewe."

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni huko Luwingu. Mwaka 1961 baba yao, aliyekuwa akichimba shaba chini ya ardhi, aliwaita Mufulira, wakapewa nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Kantanshi. Kila Jumatano jioni mgodi ulikuwa ukionyesha filamu kwenye ukuta wa nje wa ukumbi wa wafanyakazi. Watoto walikaa chini mbele, wakila viwavi vya kukaanga na kushangilia ngumi. Protasio alikaa benchi la mwisho na hakushangilia kitu. Alipokuwa sekondari waliambiwa waandike insha juu ya likizo. Yeye aliandika kurasa nne juu ya namna mtumishi mmoja alivyofunga mlango katika filamu ambayo wenzake walikuwa wameizomea mpaka ikakatishwa.

"Kapambwe, nimekuuliza ulifanya nini likizoni," mwalimu akamwambia mbele ya darasa.

"Nilitazama, mwalimu."

Alipewa sifuri. Alimaliza kidato cha tatu mwaka 1967, akaishia hapo kwa sababu kifua cha baba kilikuwa kimeanza kuharibika na nyumba ilihitaji mshahara wa pili.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa mgodini, chumba cha taa. Alimpa kila mchimbaji taa yake wakati wa kushuka na kuipokea wakati wa kupanda, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tisa. Taa iliyobaki bila kurudi ilimaanisha mtu hajapanda, na mara nne katika miaka hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Nyumbani hakuizungumzia kamwe. Baada ya kazi alioga, akala ubwali wake, yaani ugali, kisha akaenda kutazama.

Mwaka 1974 gazeti dogo la mgodini lilimpa nafasi ya kuandika kila wiki mbili, chini ya jina "Benchi la Mwisho." Filamu zilizosifiwa na kila mtu hakuziandika. Alisema hizo zina wazazi. Aliandika juu ya zile zilizoletwa katika makopo yenye kutu na balozi za nchi za mbali, zikaonyeshwa mara moja na kurudishwa. Juu ya tamthilia za televisheni zilizokatwa katikati kwa sababu fedha ziliisha. Juu ya filamu moja ya wapanda farasi ambayo mto wake ulikuwa umechorwa kwenye kitambaa, na upepo ulipovuma mto mzima ulikunjamana. Watu walicheka. Yeye aliandika kwamba mwigizaji aliyevuka kitambaa kile alikanyaga kama mtu anayeogopa maji, na kwamba kwa hatua saba hivi hata yeye, pale benchini, aliamini ni mto. Aliwahi kuandika pia kwamba filamu isiyokumbukwa na mtu ni marehemu ambaye ukoo haukumteua mrithi wa jina lake. Hapa kwetu kila mtu alielewa ubaya wa jambo hilo.

Hakuwa mpole katika maoni yake. Waliomsoma walimheshimu, na wachache walimwogopa.

Alikutana na mke wake, Regina Bwalya, Jumatano moja ya Septemba 1975. Filamu ya usiku ule ilitoka nchi ya theluji, na ilihusu mke wa mlinzi wa reli anayemenya viazi akisubiri treni. Haikuwa na ngumi wala nyimbo. Kufikia kiazi cha tatu uwanja ulikuwa mtupu. Walibaki watu wawili. Protasio, kwa furaha ya kupata mwenzake, alimwendea.

"Umeipenda?"

"Hapana. Nimebaki nione kama atapika," Regina akasema. "Mwanamke amemenya ndoo nzima na hajawasha moto. Hujui wewe kwamba vitaoza?"

"Hiyo ndiyo maana yake. Hana wa kumpikia."

"Basi angemenya viwili."

Walibishana mpaka langoni kwa wazazi wake, na wakaendelea kubishana kwa miaka arobaini na minne. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Juni 1976 katika parokia ya Kantanshi. Mungu aliwajalia Mutale, Chola na Kunda.

Sasa inafaa kusema yaliyompata mdogo wake.

Mwaka 1983 kundi moja la maigizo la Kitwe lilitengeneza tamthilia ya televisheni ya sehemu kumi na tatu kwa Kibemba, iliyoitwa "Umulilo mu Ng'anda," maana yake moto ndani ya nyumba. Bonaventura, aliyekuwa na miaka ishirini na saba na mwalimu wa shule ya msingi, alichaguliwa kuigiza baba mlevi ambaye mtoto wake anafariki. Mama yao alikuwa ameshakuwa mjane. Alinunua kitambaa kipya ili aende kutazama kwa jirani mwenye televisheni. Baada ya sehemu ya tatu, "Benchi la Mwisho" likatoka. Sentensi moja ndani yake mnaijua wote, kwa sababu mji huu uliishika kama methali: "Bonaventura Kapambwe anaigiza ulevi kama mtu aliyesimuliwa ulevi na paroko."

Siku ya pili Bonaventura aliingia baa na watu wakasogea kumpisha. "Paroko amefika," mmoja akasema. "Mpeni munkoyo, kinywaji cha watoto, pombe asije akaitapikia Biblia." Shuleni wanafunzi walimpigia ishara ya msalaba. Aliendelea mpaka sehemu ya kumi na tatu kwa sababu alikuwa ametia sahihi. Mfululizo wa pili ulipotengenezwa, mwaka uliofuata, alichukuliwa mtu mwingine.

Alimwendea kaka yake chumba cha taa, zamu ikibadilishwa, wachimbaji wamejipanga.

"Ungeniambia mimi, nyumbani, tukiwa wawili," akamwambia.

"Ningekuandika wewe tofauti na ninavyowaandika wengine, ningekuwa mwongo," Protasio akajibu, akiendelea kugawa taa. "Ulitaka niwe mwongo?"

"Nilitaka uwe kaka."

Bonaventura aliomba uhamisho akaenda kufundisha Mansa. Hakuigiza tena. Mama Katarina, ambaye hakujua kusoma na ambaye sentensi ile alisomewa na jirani, alijaribu mara nyingi kuwapatanisha. Alifariki tarehe 7 Novemba 1991. Wanawe walikaa kwenye msiba wake siku nne, kila mmoja upande wake wa moto, wakaagana kwa kutikisa vichwa. Tangu siku ile ya chumba cha taa hawakuzungumza kwa miaka ishirini na tisa.

Mwaka 1998 wafanyakazi walipunguzwa mgodini na marehemu alikuwa miongoni mwao. Gazeti lilikuwa limekufa kabla yake. Filamu za ukutani zilikoma, ukumbi ukageuzwa ghala la mahindi. Familia ilihamia kwenye shamba dogo la ukoo wa Regina kule Murundu, ambako mke alilima na mume akafuga kuku asiowapenda. Alikuwa na madaftari arobaini ya maoni yake ya tangu ujana. Januari 2001 mvua iliingia kupitia bati lililotoboka ikaloanisha sanduku. Yaliyosalimika yalikuwa tisa. Aliyaanika mengine juani wiki nzima, karatasi zikashikamana kama keki. Regina anasema kwamba siku aliyoyatia shimoni alikataa chakula cha jioni.

Macho yalianza kumsumbua mwaka 2009. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 alikuwa haoni kabisa.

Machi 2013 Bonaventura, aliyekuwa amestaafu na kufiwa na mke, alipokea simu asiyoitarajia.

"Shemeji, ni mimi, Bana Mutale. Kaka yako haoni. Anakaa mbele ya televisheni siku nzima. Nikimwelezea kilichomo tunagombana."

"Amekutuma?"

"Angenituma ningekataa. Njoo."

Alikuja na begi la siku tatu. Akakaa miaka sita.

Bonaventura alinunua sokoni diski za filamu kuukuu, zile ambazo wauzaji huziweka chini kabisa, na kila alasiri aliketi kando ya kaka yake akimsimulia kilichoonekana. Siku za kwanza zilikuwa ngumu.

"Mwanamke ana huzuni," Bonaventura alisema.

"Usiniambie ana huzuni. Niambie uso unafanya nini."

"Haufanyi kitu."

"Na mikono?"

"Anakunja taulo. Analikunjua. Analikunja tena."

"Sasa naona," Protasio akasema.

Wakati mwingine alimkatiza kabisa: "Mdogo wangu, wewe unaharakisha. Mtu yule bado hajafika dirishani." Kisha alitamka maoni yake, na Bonaventura akayaandika. Waliongeza madaftari manne. Sentensi ya mwaka 1983 hawakuitaja.

Mwaka 2017 vijana wawili wa chuo walifika kutoka Kitwe wakiulizia "Umulilo mu Ng'anda." Walikuwa wamemtafuta aliyekuwa mkuu wa lile kundi, wakaelezwa kwamba kanda zilikuwa adimu siku zile na juu ya zote kumi na tatu zilirekodiwa harusi. Hakuna aliyebaki nayo. Madaftari ya miaka ile yalikuwa shimoni. Wakamwomba marehemu awaambie anachokumbuka. Mtu huyu, aliyeweza kusimulia mlango uliofungwa mwaka 1964, aliinama, akasema, "Sina la kuwaambia," akaomba apelekwe ndani. Bonaventura alidhani kaka yake anamhurumia, na huruma ile ilimuuma kuliko yale maandishi.

Mapema mwaka huu figo zilianza kushindwa. Alilazwa hospitali tarehe 2 Agosti. Jumapili tarehe 18, alasiri, Regina alikuwa akimnywesha uji na Bonaventura ameketi upande wa pili. Uji ulipoisha, Bonaventura akauliza alilotaka kuuliza kwa miaka thelathini na sita.

"Kaka. Nilikuwa mbaya kweli?"

Marehemu hakujifanya kutokuelewa. "Sehemu tatu za kwanza ulikuwa mbaya sana," akasema.

"Na zilizobaki?"

"Sikuzitazama."

"Hukuzitazama?"

"Nilikuona unaingia sehemu ya nne, nikatoka nje. Nilimsikia mama akiniuliza naenda wapi. Sikuweza kukutazama, mdogo wangu. Niliona aibu, wala si kwa ajili yako." Akapumzika kidogo. "Nimewahukumu watu wengi, na wote nilikaa nao mpaka mwisho. Wewe peke yako nilikuacha njiani."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Na kanda hazipo."

"Mimi niliziona," Regina akasema. Alikuwa akifuta kijiko. "Zote, kwa yule jirani, pamoja na mama. Nilikuambia wakati ule, Bashi Mutale, ukaniambia nipunguze redio. Ile ya nane, mtoto anapokufa, alikuwa mzuri."

"Alifanya nini?"

"Sikumbuki alifanya nini. Nililia. Mama alilia. Jirani alizima jiko lake akaja kukaa, naye akalia."

Wote tuliomjua tunajua jibu lake kwa maneno kama hayo. Alikuwa akisema kwamba mtu akikuambia amelia amekueleza habari zake tu, hajakueleza filamu. Safari hii akamwambia mdogo wake, "Andika hivyo."

"Siwezi kujiandikia mwenyewe maoni," Bonaventura akasema.

Regina akachukua kalamu. Aliandika kwa mwandiko wake mkubwa, katika daftari, kwenye ukurasa wa mwisho uliokuwa umetumika: *Sehemu ya nane. Tulilia, watu watatu.* Akamsomea. Protasio akauliza kama ametia tarehe, naye akaitia.

Jumatano tarehe 21 Agosti 2019, saa nne asubuhi, pumzi yake ilikatika. Mke wake na mdogo wake walikuwa wamemshika mikono.

Ameacha mjane, Regina Bwalya, watoto watatu, Mutale aliyeko Solwezi, Chola na Kunda, wajukuu saba, mdogo wake Bonaventura, na madaftari kumi na matatu, ambayo familia itampa yeyote atakayeyasoma mpaka mwisho. Ukoo ulioketi jana umemteua mjukuu wake Chishala kurithi jina. Tunamlaza leo, Jumamosi tarehe 24 Agosti, karibu na mama yake.

Protasio, mwana wa Alfonsi na Katarina, umechoka kutazama. Pumzika sasa kwa amani, kaka.