Nyasi za Saruli Devi na Setilaiti Isiyosogea

Wasikilizaji wapendwa, vuteni redio karibu na moto. Leo tunamkumbuka Saruli Devi wa kijiji cha Simalgaon, huku kwetu milimani, aliyetutoka Jumanne. Saruli Devi, yule wa ulimi mkali. Nikimsifu bila kutaja wivu wake, atanirudia anisute.

Jikoni kwake ndiko wanawake walikokwenda jioni, tangu alipoolewa. Aliwakaangia soya nyeusi, akawaigizia sauti za mama wakwe zao, wakacheka mpaka wakasahau sweta walizokuwa wakifuma. Jioni hizo ndizo zilikuwa mali yake. Hakuwa na nyingine.

Kisha Hansi, mke wa shemeji yake, akaweka dishi la televisheni. Ua wao ni mmoja, milango miwili. Paa zetu za mawe hazipigiliwi misumari, kwa hiyo fundi akalifunga dishi juu ya ukuta mfupi wa ua, likitazama kusini.

"Linatazama nini?" Saruli akamuuliza fundi.

"Setilaiti, mama. Iko juu sana. Inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imesimama. Haisogei."

"Haisogei kabisa?"

"Kabisa. Ndiyo maana dishi nalo halisogei."

Saruli akabetua midomo. "Na mimi sijasogea hapa tangu niolewe. Mbona hakuna aliyenifungia dishi?"

Jioni ile wanawake walikwenda kwa Hansi. Wote, wasikilizaji. Soya za Saruli zikapoa kikaangoni.

Ukafika wakati wa kukata nyasi za kulisha mifugo majira ya baridi. Kila nyumba ilisimamisha nguzo yake, ikapanga nyasi kuizunguka. Saruli akasimamisha yake uani, upande wa kusini, mbele ya dishi. Akapanga. Akapanda ngazi, akapanga tena. Kwa Hansi, harusi ya kwenye tamthilia ilikuwa imefika penyewe, picha ikakatika vipande vipande, kioo kikawa cheusi.

"Dada, nyasi zako zimeziba setilaiti," Hansi akasema.

"Isogee yenyewe, bibi harusi. Ina mbingu nzima. Mimi nina ua tu."

Hansi alikuwa na mvi tayari, lakini kwa Saruli, aliyemtangulia kuolewa, alibaki bibi harusi.

Basi baadhi ya wanawake wakarudi kwa Saruli. Wakatafuna soya zake, huku wakiulizana, je, yule bwana harusi alikubali au alikimbia? Hapo ndipo wivu ulipomchoma hasa.

Theluji ikaanguka. Wenzake walipunguza malundo yao kidogo kidogo, wakalisha mifugo. Saruli hakuvuta hata unyasi mmoja. Nyati wake wa maziwa alikula majani makavu ya mwaloni, mbavu zikatokeza, maziwa yakapungua. Asubuhi moja akamkuta Hansi zizini, amebeba nyasi zake mwenyewe, anamlisha nyati yule.

"We! Unamlisha nyati wangu ili iweje?"

"Ili ale, dada. Nyasi zako ziko kazini."

Saruli alicheka mpaka akashika mlango. Siku hiyo hiyo akapanda ngazi, akashusha nyasi. Nyasi zilishuka, wasikilizaji, wivu haukushuka. Jioni alikwenda kwa Hansi na soya zake, akakaa mbele kabisa.

"Huyo mama mkwe hajui kusuta! Punguzeni sauti nimsaidie."

Wakapunguza. Ikawa kila jioni wanapunguza.

Wanaume waliporudi kutoka mtoni, walikouchoma mwili wake kwa desturi yetu, nilikuwa nimekaa na Hansi. Akaniambia, "Watu wanasema dada alinionea wivu. Ni kweli. Lakini niliyeanza ni mimi. Miaka yote nilikuwa upande wangu wa ukuta, nasikia vicheko kwake. Mimi sina maneno. Nikanunua dishi, angalau jioni moja wacheke kwangu." Akafuta macho kwa shela. "Wakaja wakacheka kwangu. Na aliyewachekesha ni yeye yule yule."

Pole sana, Hansi. Pole Kundan, mwanawe Saruli, kwa kumpoteza mama, na wajukuu wote. Nawe msikilizaji unayesikia vicheko ng'ambo ya ukuta ukaumia, fikiri: huenda jirani yako naye amekaa kimya, anasikiliza vya kwako. Ondoka hapo ulipo, ukamgongee mlango.