Michel Kimwanga, Fundi wa Bweni la Walimu

Marehemu Michel Kimwanga alizaliwa upande wa Kabambare mwaka 1901, akabatizwa Pasaka ya 1915. Alisoma miaka miwili tu. Hesabu aliiweza, kuandika kulimshinda, naye hakulificha jambo hilo. Alijifunza uashi kwenye tanuru la tofali la misheni, na mwaka 1926 akamuoa Mathilde wa Lusangi.

Tarehe 4 Juni 1934 alianza kujenga bweni la chuo chetu cha walimu: nyumba ndefu ya hatua hamsini, paa la manjanja, yaani mabati, baraza mbele. Mimi Roger, mpwa wake ninayesoma haya, nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Padri mkuu wa chuo alichora milango minane upande wa baraza, na vitanda vya tofali vilivyojengwa sakafuni, miguu ikielekea milango hiyo, na mto wa kichwa, nao wa tofali, kwenye ukuta wa nyuma, havigeuki. Kwetu anayelala miguu mlangoni ni maiti anayengoja kutolewa. Nyumba ilipokwisha, tukakataa kuvilalia. Wote thelathini na wawili tulilala chini kwenye sakafu, na hakuna aliyethubutu kusema sababu. Padri akaona ni uasi, akasema Jumamosi turudishwe kwetu.

Ijumaa asubuhi mjomba akaenda kwa Padri, kofia mkononi.

"Padri, hawa watoto hawana makosa. Mimi nilijua toka musingi, nikaogopa karatasi yako, nikanyamaza. Mutu wa kufukuza iko mimi."

Akaeleza yote. Padri akasema milango igeuzwe, lakini tofali za misheni zimekwisha. Mjomba akaleta zake, alizozichoma miaka miwili kwa ajili ya nyumba yake. Milango minane akaiziba nusu, ikawa madirisha, akafungua miwili kwenye ncha za nyumba. Hewa ikapita vizuri hata kiangazi, na Padri mwenyewe akawa anawaonyesha wageni nyumba hiyo.

Mama Mathilde hakufurahi. "Michel, tofali za nyumba yangu ziko wapi?"

"Ziko chuoni, zinasoma."

Alimnunia mwezi mzima, na haki alikuwa nayo. Nyumba yao ilibaki ya udongo.

Kifua kilimshika masika ya mwaka jana. Alifariki nyumbani kwake tarehe 12 Machi 1957, saa nne asubuhi, mkono wake katika mkono wa mke wake.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Familia imeniomba niwataje pia walimu ishirini na sita, toka Nyangwe mpaka Kabambare, walio hai bado kati ya wale wanafunzi thelathini na wawili. Wengi wako hapa.

Mjomba, siku ile tuliogopa kukushukuru mbele ya Padri. Baadaye tukapata kazi, tukaoa, tukasahau. Leo tumekuja kusema asante, na wewe husikii. Utusamehe. Mungu akupe pumziko la amani.